Ofisi Yenu Iko Kwenye Simu ya Nani?

Nimechoka kusoma barua zenye nembo.

Pita hapa Mjimwema, Songea, uingie ofisi yoyote: SACCOS, AMCOS, kikundi cha kina mama, shule ya binafsi, shirika dogo lisilo la kiserikali. Omba barua yao rasmi. Juu kuna nembo ya rangi tatu, mikono miwili imeshikana. Kuna sanduku la posta. Kuna kaulimbiu ya uadilifu na uwazi. Halafu chini ya madoido yote hayo kuna imeili: jina la mtu, mwaka wake wa kuzaliwa, gmail.com. Wengine bado wako yahoo.com.

Ya nani hiyo imeili? Ya ofisi?

Ya ofisi wapi! Ya katibu. Nywila anayo katibu. Namba ya simu ya kuirejesha ikipotea ni ya katibu. Picha iliyopo pale ni ya katibu siku ya harusi ya mdogo wake.

Basi nakuuliza wewe mwanachama mwenzangu, unayekatwa hisa kila mwezi na kununuliwa soda mara moja kwa mwaka: ofisi yenu iko wapi? Usinionyeshe jengo. Jengo ni matofali na bati. Ofisi ni barua zilizoingia na zilizotoka, mihtasari, mikataba, daftari la wanachama, hesabu. Hivyo vyote viko wapi leo hii? Kwenye simu ya mtu mmoja. Mtu mmoja!

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo, ila tumelikabidhi mfukoni mwa mtu, tukaenda kulala.

Na usiniambie hujui kwamba kuna tatizo. Unajua. Uliona siku katibu alipopata ajira Dodoma. Ofisi ilikaa wiki nzima ikimpigia simu: "Tafadhali ndugu, tutumie ile barua ya mfadhili." Leo anapokea, kesho hapokei. Mwezi wa pili anasema amebadilisha simu. Mwezi wa tatu mwenyekiti anaandika barua kwa mfadhili kuomba nakala ya mkataba ambao sisi wenyewe tuliusaini. Aibu iliyoje!

Huyo walau ameondoka kwa heri. Vipi aliyeondoka kwa ugomvi? Vipi aliyefariki, simu ikazikwa kwenye begi la ndugu zake? Vipi laini iliyokaa bila kutumika, mtandao ukaifunga na kumpa mtu mwingine namba ileile? Mkiomba kurejesha nywila, namba za siri zinakwenda kwa kijana wa Tunduru asiyewajua wala kuwajali. Ndiye mlinzi wa kumbukumbu zenu.

Tena kuna hili ambalo wengi hamlijui. Tangu Desemba 2023, Google inafuta akaunti binafsi ambayo haijatumika kwa miaka miwili. Inaifuta na vilivyomo: barua, nyaraka, picha. Kanuni hiyo inahusu akaunti za watu binafsi. Haigusi akaunti zilizofunguliwa na kusimamiwa na taasisi yenyewe. Sasa fikiria ule mradi wa kisima. Ulikuwa na imeili yake ya gmail.com. Mradi uliisha, posho zikaisha, na imeili ikasahaulika. Siku mkaguzi akirudi kuuliza risiti za pampu, mtamwonyesha nini? Shimo?

Na nyinyi wa Yahoo msicheke. Mwaka 2013 wezi waliingia Yahoo, na mwaka 2017 kampuni yenyewe ikakiri kwamba akaunti zote zilizokuwepo, bilioni 3, ziliguswa. Nywila ya shule yenu imebadilishwa tangu wakati huo? Au bado ni jina la mwalimu mkuu aliyestaafu, na moja mbili tatu mwishoni?

Juzi nilikwenda steshenari moja papa hapa Mjimwema kuchapisha karatasi. Unaijua kompyuta ya namna hiyo: kibodi imefutika herufi, flashi ya mteja wa asubuhi bado imechomekwa. Kijana akafungua Gmail ili apokee kazi yangu. Kabla hajafika popote, orodha ikashuka kwenye skrini: akaunti ya kikundi, akaunti ya chama cha mazao, akaunti ya shule, akaunti ya jumuiya ya waumini. Zote ziko wazi. Hakuna iliyofungwa. Akanigeukia bila hila yoyote: "Mzee, wewe ni wa kikundi kipi?"

Wa kikundi kipi! Ningetaja chochote angenifungulia.

Hamkusikia vizuri? Majina ya wanachama, namba zao za NIDA, mikopo yao, nani amelipa na nani anafukuzwa na deni, yote yako kwa mtu wa kutoa kopi. Wala simlaumu kijana. Kijana anatafuta riziki. Ninailaumu kamati iliyokuja pale, ikafungua ofisi ya watu mia kwenye mashine ya mtu, ikachukua karatasi yake na kuondoka.

Nchi hii ina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023. Ina Tume yake. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili na azilinde. Haisemi "isipokuwa vikundi vya Songea". Siku mwanachama mmoja mwenye hasira akienda kulalamika kwamba deni lake limesomwa kijiweni, kamati itajitetea kwa lipi?

Wakati sisi tunakoroma, zana zimebadilika. Gmail ilipoanza Aprili 2004 ilikuwa sanduku la barua la mtu binafsi. Mwaka 2006 Google ikaanza kuzipa taasisi imeili yenye jina la taasisi. Huduma hiyo imekua, na leo inaitwa Workspace. Microsoft ikaleta Office 365 mwaka 2011. Wapo na wengine, Zoho wakiwamo. Na maboresho yaliyofanyika tangu hapo yamelenga ugonjwa uleule unaotuua sisi.

Zamani faili lilikuwa la aliyeliandika. Akiondoka, linaondoka naye. Tangu 2017 Google imekuwa na hifadhi ya pamoja ambamo faili ni la taasisi; mtumishi akiondolewa, faili linabaki palepale.

Zamani mhasibu alikuwa na jedwali lake, katibu lake na mwenyekiti lake, na siku ya kikao yote matatu yanapingana. Sasa watatu wanaandika kwenye jedwali moja, na historia inaonyesha nani alibadilisha tarakimu ipi, siku gani, saa ngapi. Nadhani mmeanza kuelewa kwa nini baadhi ya viongozi hawazitaki zana hizi.

Zamani nywila ikiibwa, basi. Sasa unaweka hatua ya pili ya uthibitisho, na mwizi mwenye nywila peke yake anagonga mlango hafunguliwi.

Na juu ya yote yupo msimamizi wa mfumo, aliyeteuliwa na kamati kwa muhtasari. Yeye ndiye anayefungua na kufunga akaunti. Imeili inaitwa katibu, mhasibu, mwenyekiti. Haiitwi jina la mtu. Katibu mpya akichaguliwa Jumamosi, jioni hiyohiyo msimamizi anabadilisha nywila, na Jumatatu katibu anakuta barua zote za miaka yote zinamsubiri. Hakuna kumbembeleza mtu Dodoma.

Serikali tunayoilaumu kwa kila kitu, kwenye hili imetutangulia. Wakala ya Serikali Mtandao ilianza mwaka 2012. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 ikaifanya kuwa Mamlaka. Imejenga Mfumo wa Barua Pepe Serikalini, imeili zinazoishia go.tz. Imejenga mfumo wa Ofisi Mtandao, ambamo jalada linatoka masijala hadi meza ya mkurugenzi bila mhudumu kulibeba kwapani, na kila aliyelishika anaonekana.

Sisemi Serikali imemaliza. Bado wapo watumishi wanaopiga picha barua ya ofisi kwa simu na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili, wakiwemo waliokwisha kuhamishwa na waliokwisha kustaafu. Mfumo upo, tabia ni ileile ya zamani. Lakini wao walau mfumo upo. Sisi tuna nini?

Tuna visingizio. Tuvichukue kimoja kimoja.

"Umeme hakuna." Kilikuwa kisingizio cha kweli enzi za jenereta. Njia ya umeme ya Makambako hadi Songea imetuunganisha na gridi ya Taifa tangu 2018. Unakatika? Unakatika, ndiyo. Lakini simu unayoangalizia mpira usiku inapata chaji wapi?

"Wanachama wetu hawajui teknolojia." Mwaka 2017 ulipoanza mfumo wa Serikali wa kulipa kwa kontroo namba, watu walisema hivyohivyo: wananchi hawataweza kontroo namba. Leo bibi anayelipia bili ya maji anakutajia kontroo namba tarakimu kwa tarakimu. Anayeshindwa kujifunza ni kiongozi ambaye giza linamlipa.

"Lugha ni ngumu." Mwaka 2004, mwaka uleule Gmail ilipozaliwa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, za bure. Nani alizitumia? Tulipewa chakula kwa lugha yetu, tukasema hatuna njaa. Na leo Gmail yenyewe ina Kiswahili. Fungua mipangilio utakiona.

"Sisi ni wadogo, nani atatuibia?" Huo ndio wimbo wa kila aliyeibiwa. Nani asiyejua ule ujumbe wa "hela hiyo tuma kwenye namba hii"? Kwenye imeili mchezo ni uleule, ila una tai. Mtu anafungua akaunti inayofanana na yenu, anabadilisha herufi moja, anamwandikia mnunuzi wenu: akaunti ya benki imebadilika, lipeni hapa. Mnunuzi atajuaje kwamba si nyinyi, wakati nyinyi wenyewe mnaandika kwa akaunti ya mtu binafsi ambayo yeyote anaweza kufungua ya kufanana nayo? Ufuta umeuzwa, hela imelipwa, na wakulima wanasubiri kwenye benchi.

Na mkienda mahakamani? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua kumbukumbu ya kielektroniki kama ushahidi. Imeili yako inaweza kukuokoa. Lakini iko wapi? Imefutwa. Iko kwenye simu ya marehemu. Iko steshenari.

"Mtandao unakatika." Hapa nakuunga mkono. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikakwama. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Ofisi zilizokuwa na kila kitu mtandaoni na hazina nakala hata moja mezani zilikaa zikitazamana. Kwa hiyo sisemi tupa kila kitu winguni ukalale. Zana hizi zinaweza kuandaliwa zifanye kazi mtandao ukiwa haupo, zikahifadhi kwenye kompyuta na kujisawazisha baadaye. Lakini lazima uziandae mapema, mtandao ukiwepo. Na kila mwisho wa mwezi pakua nakala, iweke kwenye diski, ifungie kabatini, funguo awe nazo mtu mwingine asiyekuwa katibu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

"Hela hatuna." Hapa ndipo ninapokasirika zaidi, kwa sababu ni nusu kweli, na nusu kweli ndiyo inayotumika kuwalaza watu.

Ni kweli kwamba wenye huduma hizi si wajomba zetu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Januari 2025 Google iliingiza akili mnemba yake, Gemini, ndani ya vifurushi vya biashara, na bei ikapanda kwa wote, wanaoitaka na wasioitaka. Kifurushi cha Business Standard kilitoka dola 12 hadi dola 14 kwa mtumiaji mmoja kwa mwezi, kwa mkataba wa mwaka. Microsoft ilikuwa ikiyapa mashirika yasiyo ya faida leseni 10 za bure za kifurushi chake cha Business Premium. Kuanzia Julai 2025 ikaanza kuuondoa msaada huo na kuwaachia kifurushi chepesi zaidi. Waliojenga kila kitu juu ya msaada ule wakajikuta wanatafuta hela katikati ya mwaka. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Sasa mjanja hufanyaje? Huzisusa? Hapana. Hushika kile ambacho hakuna kampuni inayoweza kumnyang'anya: jina lake.

Jina la kikoa. Yaani ile sehemu inayokuja baada ya alama ya @. Ukiwa na jina lako linaloishia or.tz, co.tz, ac.tz au sc.tz kwa shule, unaweza kukaa Google mwaka huu, ukahamia Microsoft mwaka ujao, ukaenda Zoho mwaka wa tatu, na anwani yako isibadilike hata herufi. Anayekuandikia Mbinga au Muscat hatajua kwamba umehama. Lakini ukikaa gmail.com, umejenga ghala la chama kwenye uwanja wa mtu; siku akipandisha kodi au akikufukuza, hubebi hata mlango.

Vikoa vya tz viko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na vinauzwa na wasajili waliopewa kibali. Ada ya mwaka ni hela ambayo kamati yenu inaimaliza kwa chapati na supu ya kikao kimoja. Usinibishie. Nimeona mihtasari, na kwenye mihtasari ya vikundi vyetu ukurasa wa chai haupotei kamwe.

Ila fungua macho hapa pia. Mnamwita fundi, kijana mchangamfu, anawasajilia jina. Analisajili kwa jina lake, kwa imeili yake, kwa simu yake. Mmetoka kwa katibu mkaingia kwa fundi! Jina lisajiliwe kwa taasisi, stakabadhi ikae kwenye jalada, tarehe ya kulipia iandikwe ukutani. Likipita tarehe bila kulipiwa linaweza kuchukuliwa na mwingine, na barua zenu zote zitakwenda kwake.

Na mwambieni fundi huyo asiondoke kabla hajalithibitisha jina hilo ipasavyo. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimekaza masharti kwa wanaotuma barua, hasa wale wa barua nyingi: barua za jina lisilothibitishwa zinaishia kwenye spamu au zinarudishwa. Utatuma mwaliko wa mkutano mkuu kwa wanachama wote, asiupate hata mmoja, kisha mseme wanachama hawana mwamko.

Sasa narudi kwako wewe unayesoma ukitikisa kichwa na kusema "viongozi wetu, viongozi wetu". Acha. Wewe ulikuwa wapi?

Kwenye mkutano mkuu uliuliza gawio. Uliuliza nauli. Uliuliza kwa nini soda ni moja. Je, uliuliza barua zetu zinakaa wapi? Uliuliza nani ana nywila? Uliuliza mwaka jana tulikuwa na mkataba na nani, na uko wapi? Ulikaa kimya, ukasaini mahudhurio, ukaondoka. Kisha chama kikianguka utakuwa wa kwanza kulia kijiweni kwamba umeibiwa. Umeibiwa na nani? Mlango uliuacha wazi mwenyewe.

Wakaguzi wa COASCO, shirika la kukagua vyama vya ushirika, wakija, wanakagua kilichopo. Barua iliyofutwa hawaioni. Mfumo wa MUVU uliojengwa kwa ajili ya kusimamia vyama vya ushirika unasoma kile mlichoingiza. Ambacho katibu ameondoka nacho hausomi. Hakuna mtu atakayetoka Dodoma kuja kuiokoa kumbukumbu ambayo wenyewe hamkuitunza. Hakuna!

Kwa hiyo sikuombi uipende teknolojia. Sikuombi ujue wingu ni nini wala liko wapi. Nakutaka kwenye mkutano unaokuja usimame, kabla ya agenda ya posho, uulize maswali matatu kwa sauti ya kusikika hadi nyuma.

La kwanza: imeili ya chama imesajiliwa kwa jina la nani? La pili: katibu akiondoka leo usiku, kesho asubuhi nani anaweza kuzifungua barua zetu? La tatu: nakala ya kumbukumbu zetu ya mwezi uliopita iko kabati gani, na funguo anazo nani?

Watakuambia hayo ni mambo ya kitaalamu. Kaa umesimama. Watakuambia muda umekwenda na chakula kinapoa. Kaa umesimama. Watakuambia yataingia kwenye mengineyo. Waambie mengineyo ndiko mlikokuwa mkiyazika miaka yote.

Na wakishindwa kujibu hata moja, usinyooshe mkono kuipokea taarifa ya mwaka. Taarifa isiyo na barua zake nyuma ni porojo, na mkopo wa chama haulipwi kwa porojo.